Safu ya Maganda

Nilipokabidhiwa funguo za ghala la silaha, Malindi,
Sajini Mwabaya alinionyesha kwanza panya wanakoingilia,
kisha madaftari.
"Bunduki hazina shida," akasema. "Shida ni hesabu."

Kisu hakiitwi chuma. Jembe haliitwi chuma.
Ila risasi ni madini, na risasi ndiyo hiyo inayoruka:
imebaki na jina la mama yake
kama mwana ambaye baba hakujitokeza.

Daftari la kwanza limeliwa na mchwa.
Bastola ilikuwa ya mviringo, matundu sita,
na risasi yake nene, butu, uchi,
rangi ya chubwi.
Ilikwenda polepole, wanasema wa zamani,
kama mtu mzito anayeingia bila hodi.
Mwandishi, hati yake imelalia upande, kaandika:
*Sanduku mbili. Zimeota ukungu mweupe. Chumvi.*

Daftari la pili. Amri imetoka mbali:
iliyo uchi isitumike tena,
ikiingia mwilini hutanuka kama kiganja.
Basi ikavishwa koti la shaba, jembamba, hadi nchani.
Nimelisoma neno hilo, *vazi*, mara tatu.
Kwamba watu waliketi mezani, wakanywa chai,
wakaona haya kwa niaba ya risasi,
wakaisitiri.

La tatu, milimita tisa.
Fupi, ngumu, fataki kitakoni kama jicho la dagaa;
zinapangwa ndani ya magazini mithili ya betri za tochi,
kumi na tatu, zikisukumana.
Lawama yake ni moja: inapita.
Humtoboa aliyekusudiwa ikaenda kutafuta jirani.
Kwa hiyo siku hizi wapo wanaotaka kichwa chenye shimo,
kitanuke tena.
Kule kule tulikoona haya.

Kila ukurasa una safu tatu.
Zilizotoka. Zilizorudi. Maganda.
Isiyorudi sharti iache ganda,
na ganda liokotwe, hata majanini, hata usiku.

Daftari la pili, ukurasa wa arobaini na moja:
*Kinu cha pamba. Fujo ya mishahara. Zamu ya usiku.*
Zilizotoka, sita. Zilizorudi, tano.
Maganda,
hapo kalamu imekandamizwa hadi karatasi ikatoboka.

Na bastola ya mviringo haitemi ganda.
Lazima mtu aifungue, alichomoe kwa kidole,
alitupe.
Nimelifikiria hilo sana.

Pembeni mwandishi amejikunyata katika ubeti:

*Sita zilitoka ghala, tano zimerudi kwangu,*
*Ganda wapi limelala, nimepekua mafungu,*
*Bwana hataki jamala, akata ujira wangu,*
*Na aliyekwisha lala, hamo kitabuni mwangu.*

Bibi yangu, Hawe Jumwa, alikaa Ganda.
Ndiyo, kijiji. Usicheke.
Alikuwa na kikopo cha wanja, cha shaba,
urefu wa pingili ya kidole, kizibo cha nta.
Kila alfajiri kijiti: jicho la kulia,
jicho la kushoto, bila kioo.
"Si wa urembo," alisema. "Ni wa kuonea."
Kaka yake Kahindi alikuwa mpakiaji wa marobota ya pamba.
Sikuwahi kuuliza alikufa kwa nini.
Niliposema nakwenda chuo cha polisi
alinyamaza, akamaliza kuchambua mchicha,
akaniambia nisisahau sweta.

Baada ya matanga shangazi alinipa kikopo.
Nilikipindua.
Kitakoni pana kidonda cha sindano, katikati hasa,
na tarakimu ninazozijua
kama ninavyoijua namba yangu ya kazi.

Leo, kabla ya zamu, nimefungua ukurasa wa arobaini na moja.
Karatasi imekuwa laini kama kitambaa.
Nimeandika kwa wino mwekundu, kanuni hairuhusu:
*Ganda, moja. Limerudi.*
*Lina wanja.*